Dira ya elektroniki: jinsi ya kuisawazisha kwenye boti na gari la mizigo

Boti za mizigo zinazovuka Ziwa Tanganyika, Ziwa Victoria na mwambao wa Bahari ya Hindi siku hizi hubeba vyombo vingi vya elektroniki: GPS, kipima kina, redio ya VHF, rada kwa wenye uwezo, na dira ya elektroniki inayoupa usukani wa kujiendesha mwelekeo wa kufuata. Kati ya vyombo hivyo, dira ndiyo inayodanganywa kirahisi na boti yenyewe. Chuma cha injini, waya wa betri, spika ya redio na hata shehena iliyopakiwa jana vinaweza kuupotosha usomaji wake, na hakuna taa ya hitilafu itakayowaka.

Kusawazisha dira ni kazi ya saa moja hivi kwenye maji tulivu. Karibu dira zote za kisasa zina programu ya kazi hiyo ndani yake, na hakuna kifaa cha kununua. Jambo ambalo wengi hulisahau ni kwamba matokeo yake ni ya boti ile, ikiwa na vitu vile, katika hali ile. Vitu vikibadilika, usawazishaji wa mwaka jana unabaki kuwa karatasi tu.

Makala hii inaeleza kinachopotosha dira, hatua za kuisawazisha, namna ya kuhakiki kazi iliyofanyika, na mambo ambayo msafirishaji wa mizigo ya chuma anapaswa kuyajua.

KOSA DOGO, GHARAMA KUBWA

Manahodha wana kanuni rahisi ya hesabu: kosa la nyuzi 1 hupeleka chombo pembeni kwa maili 1 katika kila maili 60 za safari.

Kutoka Kigoma hadi Kalemie, kwa mstari ulionyooka, ni takriban maili 70 za baharini, yaani karibu kilomita 130. Dira yenye kosa la nyuzi 5 itaifikisha boti upande wa pili wa ziwa ikiwa imepotea kwa maili 6, zaidi ya kilomita 11. Kutoka Mtwara hadi Moroni, Comoro, ni takriban maili 200. Huko kosa la nyuzi 3 tu linamaanisha maili 10 nje ya njia.

Chukua mfano wa boti inayokwenda maili 7 kwa saa na kula lita 20 za dizeli kila saa. Maili 6 za kurudi kwenye njia ni dakika 50 na zaidi, na lita 17 za mafuta. Safari mbili kwa wiki zenye kosa hilo hilo, kwenda na kurudi, ni lita 68 zinazochomwa bila kubeba chochote.

Mafuta siyo hasara pekee. Ziwa Tanganyika ni la nchi nne, Burundi, Congo, Tanzania na Zambia, na mpaka wa majini hauna nguzo wala ukuta. Boti yenye hati za kwenda Kalemie ikikutwa alfajiri karibu na ufukwe usio na kituo cha forodha, italazimika kujieleza. Hata kama karatasi zote ni sahihi, muda unapotea, na samaki au matunda hayasubiri maelezo.

KWA NINI GPS PEKE YAKE HAITOSHI

Wapo wanaouliza kama dira ina kazi gani tena wakati kila boti ina GPS. Jibu ni kwamba vyombo hivi viwili havipimi kitu kimoja. GPS huonyesha chombo kipo wapi na kinasogea kuelekea wapi. Dira huonyesha omo imeelekea wapi. Upepo wa Kusi ukiisukuma boti ubavuni, omo inaweza kuelekea upande mmoja huku chombo kikisogea upande mwingine.

Boti ikisimama au ikienda polepole sana, uelekeo unaosomwa na GPS huyumba ovyo kwa sababu hakuna mwendo wa kupima. Usukani wa kujiendesha unahitaji mwelekeo wa omo kila sekunde, na rada inayolinganisha picha yake na ramani inahitaji vivyo hivyo. Dira ikiwa na makosa, usukani wa kujiendesha huweza kwenda vizuri katika mwelekeo mmoja na kuyumba kama nyoka katika mwelekeo mwingine. Pampu ya usukani hufanya kazi kupita kiasi, na betri huisha mapema.

Ni kweli kwamba nahodha makini mwenye GPS atagundua mapema kuwa anatoka kwenye njia. Hatari ipo pale GPS inapozimika, simu inapoishiwa chaji, au zamu ya usiku inapouachia usukani wa kujiendesha kazi yote.

DIRA YA ELEKTRONIKI INAVYOFANYA KAZI

Ndani ya dira ya elektroniki hakuna mshale unaozunguka. Zile za kizazi cha zamani hutumia nyaya zilizozungushwa kwenye kiini cha chuma maalumu ili kupima nguvu ya sumaku ya dunia. Za kisasa hutumia vihisi vidogo kama vilivyomo ndani ya simu, pamoja na vihisi vinavyopima kuinama na kugeuka kwa chombo ili mawimbi yasiharibu usomaji.

Aina zote mbili hupima uga sumaku wowote uliopo mahali ilipo dira. Hazijui kutenganisha uga wa dunia na uga wa injini. Kazi ya kusawazisha ni kuifundisha dira kutofautisha hivyo viwili. Boti inapozunguka duara zima, uga wa dunia hubaki palepale huku uga wa boti ukizunguka pamoja na boti. Programu huona tofauti hiyo na kuikokotoa.

Vyuma vya boti hupotosha dira kwa njia mbili. Baadhi vimekuwa sumaku za kudumu, kama spika na vyuma vya injini vilivyogongwa au kuchomelewa. Vingine si sumaku, lakini huuvuta uga wa dunia na kuupindisha, kama tangi la chuma au nguzo. Sumaku za kudumu huleta kosa lenye kilele upande mmoja wa duara na kinyume chake upande wa pili. Vyuma vinavyopindisha uga huleta kosa linalobadilika kila robo ya duara.

Umeme nao ni sumaku. Waya mmoja ulionyooka unaopitisha ampea 10, ukiwa sentimita 30 kutoka kwenye kihisi, hutoa uga wa nanotesla 6,700 hivi. Uga wa dunia unaotumiwa na dira katika eneo la Nairobi ni karibu nanotesla 30,000. Waya huo mmoja unaweza kuihamisha dira kwa zaidi ya nyuzi 10, na kosa hilo huja na kuondoka kila taa au pampu inapowashwa na kuzimwa. Usawazishaji hauwezi kulitibu. Dawa yake ni kusogeza waya, au kusokota pamoja waya wa chanya na wa hasi ili nyuga zao zifutane.

KASKAZINI MBILI

Dira huelekea kaskazini ya sumaku, ambayo si sawa na kaskazini ya kweli iliyo kwenye ramani. Tofauti kati ya hizo mbili hutegemea mahali, na hubadilika polepole kadiri miaka inavyopita. Katika eneo la Nairobi ni ndogo sana, karibu na sifuri. Ukishuka kusini kuelekea Msumbiji huongezeka upande wa magharibi, na Cape Town imezidi nyuzi 20.

Vyombo vya kisasa huhesabu tofauti hiyo vyenyewe kwa kutumia jedwali la dunia liitwalo World Magnetic Model, ambalo hutolewa upya kila baada ya miaka mitano. Toleo la 2025 ndilo linalotumika hadi mwisho wa 2029. Chombo cha zamani ambacho hakijawahi kuongezewa programu mpya kinaweza kuwa kinatumia hesabu za miaka iliyopita.

Kosa linaloonekana mara nyingi ni chombo kimoja kuwekwa kwenye kaskazini ya kweli na kingine kwenye kaskazini ya sumaku. Kabla ya kuilaumu dira, hakikisha GPS, rada na usukani wa kujiendesha vimewekwa kwenye kaskazini moja.

Boti iliyonunuliwa ikiwa imetumika Ulaya ni lazima isawazishwe upya ikifika. Sehemu ya uga wa dunia inayolala sambamba na ardhi, ambayo ndiyo dira huitumia, ni karibu nanotesla 20,000 tu mjini London. Aidha, kule ncha ya kaskazini ya sindano huinamia chini, wakati Kenya na Tanzania ncha ya kusini ndiyo inayoinama. Dira ya kawaida ya sindano iliyosawazishwa kwa ajili ya Ulaya huweza kulalia upande mmoja na kukwama.

MAHALI PA KUFUNGA KIHISI

Hakuna usawazishaji utakaookoa kihisi kilichofungwa mahali pabaya. Mambo ya kuzingatia ni haya:

- Kiwe karibu na katikati ya chombo, chini kiasi, ambako mrama ni mdogo. Kwenye boti ya bodi ya chuma, kitabu cha mtengenezaji mara nyingi huelekeza kihisi kiwekwe juu, mbali na bodi.
- Kiwe angalau mita 1 kutoka kwenye vyuma, nyaya nene na redio, na mita 2 au zaidi kutoka kwenye injini, jenereta na spika kubwa.
- Kifungwe kwa skrubu za shaba au plastiki. Skrubu za chuma cha kawaida hupotosha usomaji.
- Mshale wake uelekee mbele, sambamba na mkuku.
- Kisifungwe kwenye kabati ambamo mabaharia huhifadhi spana, nanga ndogo au makopo ya chakula.

Vifaa vingi vya baharini huandikwa kwenye kitabu chake umbali salama kutoka kwenye dira. Ni vyema kuusoma kabla ya kutoboa tundu la kwanza.

KABLA YA KUANZA

1. Chagua asubuhi tulivu, isiyo na upepo wala mkondo mkali. Ziwani, kabla jua halijapanda, maji huwa yametulia zaidi.

2. Toka mbali na gati, meli nyingine, mabomba na nguzo za chuma. Eneo wazi lenye nafasi ya kuzunguka bila kugeuza usukani kwa ghafla linahitajika.

3. Weka kila kitu mahali pake pa safari: nanga, minyororo, mitungi ya gesi, zana, pikipiki kama hubebwa.

4. Washa vyombo vinavyowashwa safarini, ikiwa ni pamoja na injini, taa na redio.

5. Ondoa simu, redio za mkononi na funguo karibu na kihisi.

6. Soma kitabu cha mtengenezaji. Kasi na idadi ya duara hutofautiana kati ya chapa moja na nyingine, na maelekezo ya kitabu ndiyo ya kufuata.

HATUA ZA KUSAWAZISHA KWENYE BOTI

Kwanza, fungua sehemu ya mipangilio ya dira kwenye kioo cha chombo na uchague kusawazisha. Baadhi ya vyombo vya kisasa huanza vyenyewe mara vinapotambua kuwa boti inazunguka.

Pili, geuza usukani kidogo na uuache palepale. Zunguka duara pana kwa mwendo mdogo usiobadilika. Kwa dira nyingi za zamani, duara moja linapaswa kuchukua dakika 2 au zaidi. Kuzunguka haraka ndiyo sababu kubwa ya kazi hii kushindwa.

Tatu, endelea hadi chombo kiseme kimemaliza. Vingi vinahitaji kati ya duara moja na mbili kamili. Kama kikigoma, punguza kasi na uanze upya.

Nne, soma kiasi cha mkengeuko kinachoonyeshwa, yaani kosa kubwa zaidi ambalo dira ililazimika kulisahihisha. Kwa mfano, vitabu vya Raymarine vya mitambo ya kizazi cha ST vilishauri kihisi kihamishwe mkengeuko ukizidi nyuzi 15, wakati kwa kihisi kipya cha EV-1 kampuni hiyo inaweka kikomo cha nyuzi 45. Kadiri namba inavyokuwa ndogo, ndivyo mahali palivyochaguliwa vizuri.

Tano, linganisha na alama inayojulikana. Elekeza omo kwenye alama ya mbali ambayo uelekeo wake umepimwa kwenye ramani. Dira ikitofautiana kwa nyuzi chache, tumia sehemu ya mipangilio inayoongeza au kupunguza nyuzi hizo. Hatua hii husahihisha kihisi kilichofungwa kikiwa kimepinda kidogo.

Sita, andika tarehe, hali ya shehena na mkengeuko kwenye daftari la boti.

KUHAKIKI: KADI YA MAKOSA

Chombo kikiandika kuwa kazi imekamilika, hiyo ni kauli ya chombo. Nahodha anahitaji ushahidi wake mwenyewe.

Njia nzuri ni kutumia alama za mbali: kilele cha mlima, mnara wa simu, mnara wa taa, ncha ya kisiwa. Chagua nne au zaidi katika pande tofauti. Boti ikisimama mahali panapojulikana, uelekeo wa kila alama hupatikana kwenye ramani au kwa GPS. Kama alama iko maili 6, boti ikisogea mita 100 kutoka mahali pake, uelekeo hubadilika kwa nusu nyuzi tu. Elekeza omo kwenye kila alama, subiri dira itulie, na uandike namba. Njia hii haiharibiwi na upepo, kwa sababu kinachopimwa ni omo.

Pasipo alama, dira hulinganishwa na uelekeo wa GPS chombo kikienda kwa mstari ulionyooka kwa dakika moja au mbili katika kila upande. Njia hiyo inafaa siku ya utulivu tu, kwa kuwa upepo wa ubavuni utaonekana kama kosa la dira.

Mfano wa kadi iliyojazwa, uelekeo sahihi wa sumaku ukiwa kwanza na usomaji wa dira ukifuata:

000 – dira 001 (zaidi kwa 1)
045 – dira 049 (zaidi kwa 4)
090 – dira 095 (zaidi kwa 5)
135 – dira 138 (zaidi kwa 3)
180 – dira 179 (pungufu kwa 1)
225 – dira 221 (pungufu kwa 4)
270 – dira 265 (pungufu kwa 5)
315 – dira 312 (pungufu kwa 3)

Kadi hii inasimulia. Upande wa mashariki dira inasoma zaidi, upande wa magharibi inasoma pungufu kwa kiasi kile kile. Hiyo ni alama ya sumaku ya kudumu iliyo karibu na kihisi. Ni vyema kuitafuta na kuiondoa, kisha kusawazisha upya.

Kama kosa lingekuwa sawa pande zote, kwa mfano zaidi kwa 4 kila mahali, basi kihisi kimefungwa kikiwa kimepinda. Na kama kosa linapanda na kushuka mara mbili katika duara moja, kuna chuma kikubwa kinachopindisha uga, kama tangi.

Kadi hutumika pia safarini. Kwa mfano huu, nahodha anayetaka kwenda 200 ya sumaku yuko kati ya mistari ya 180 na 225, ambako kosa ni pungufu kwa 2 hivi. Atashika usukani dira ikisoma 198.

SHEHENA YA CHUMA NA SHEHENA YA SHABA

Hapa ndipo boti ya biashara inapotofautiana na boti ya kitalii. Boti ya kitalii hubeba watu wale wale na viti vile vile. Boti ya mizigo leo ina magunia ya unga, kesho ina nondo na mabati.

Nondo, mabati, misumari, vipuri vya magari na pikipiki vyote vinaathiri dira. Rundo la nondo lililopangwa sambamba na mkuku, karibu na kihisi, linaweza kubatilisha usawazishaji uliofanywa boti ikiwa tupu. Unga, sukari, mbao, samaki wakavu, vitenge na plastiki haviathiri. Shaba na alumini pia si vyuma vya sumaku, kwa hiyo vipande vya shaba vinavyotoka Katanga na Zambia haviisumbui dira, ingawa kontena la chuma lililovibeba linaisumbua.

Mambo matatu husaidia:

- Panga mizigo ya chuma mbali na kihisi, na kila safari iwe mahali pale pale.
- Weka kadi mbili za makosa: moja ya boti ikiwa tupu au na mizigo ya kawaida, nyingine ya boti ikiwa na chuma.
- Baada ya kupakia, kabla ya kuondoka eneo la bandari, elekeza omo kwenye alama mbili zinazojulikana, zilizo katika pande tofauti, na ulinganishe na kadi. Hii ni kazi ya dakika tano.

Zipo dira zinazoendelea kujisawazisha zenyewe kila boti inapogeuka. Ni nzuri, lakini zinahitaji boti igeuke. Boti iliyopakia chuma na kwenda mstari mmoja tangu gatini haijaipa dira nafasi ya kujifunza lolote. Ni vyema kuzunguka duara moja nje ya bandari kabla ya kushika njia.

KWENYE GARI

Kwa barabara za lami, dira ya gari ni msaada mdogo. Umuhimu wake huongezeka kwenye maeneo yenye njia nyingi zisizo na vibao, na kwa mwenye gari aliyelinunua nje likiwa na dira iliyowekewa mipangilio ya nchi lilikotoka.

Magari mengi yaliyotengenezwa kwa ajili ya soko la Marekani yana dira ndani ya kioo cha kuangalia nyuma au kwenye dashibodi. Dira hizo zina namba za kanda, kwa kawaida 1 hadi 15, zinazosahihisha tofauti ya kaskazini mbili kwa ramani ya Amerika Kaskazini. Gari likifika Mombasa au Dar es Salaam bado lina namba ya kanda ya huko. Kitabu cha gari hueleza kitufe cha kubonyeza hadi namba ya kanda ionekane. Kwa kuwa Afrika Mashariki haimo kwenye ramani hiyo, jaribu namba moja baada ya nyingine hadi dira ikubaliane na barabara ambayo uelekeo wake unajulikana.

Baada ya hapo sawazisha: bonyeza kitufe hadi herufi C au neno CAL lionekane, kisha zungusha gari kwenye uwanja mpana kwa mwendo usiozidi kilomita 8 kwa saa hadi uelekeo urudi kwenye kioo. Duara mbili au tatu kwa kawaida hutosha.

Uwanja uchaguliwe kwa makini. Yadi ya makontena, karakana, kituo cha mafuta chenye paa la chuma, daraja la reli na chini ya nyaya za umeme mkubwa si mahali pa kazi hii. Mawe ya volkano nayo yana madini ya chuma na huweza kuipotosha dira iliyo karibu na ardhi.

Kwa dereva wa lori, adui mkubwa ni antena ya redio yenye kitako cha sumaku inayobandikwa juu ya paa la kabini. Vishikio vya simu vya sumaku vinafuata. Vikiongezwa au kuondolewa, dira isawazishwe upya.

DIRA YA SIMU

Wafanyabiashara wengi wanaosafiri na mizigo yao hutegemea simu. Dira ya simu husawazishwa kwa kuizungusha hewani mara kadhaa kwa umbo la namba 8. Ifanywe mbali na injini, na kava lenye sumaku liondolewe kwanza.

Simu inafaa kwa kuhakiki kwa haraka, siyo kwa kuongozea boti. Ikiwekwa juu ya dashibodi ya chuma au kando ya spika, inasema mengine kabisa. Vilevile simu isiwekwe karibu na dira ya boti, kwa sababu ina sumaku ndani ya spika yake.

WAKATI WA KURUDIA

Dira isawazishwe upya:

- baada ya kuchomelea chuma chochote kwenye boti;
- baada ya kubadilisha injini, betri, redio, spika au nyaya;
- baada ya radi kupiga chombo;
- baada ya chombo kukaa muda mrefu kikiwa kimeelekea upande mmoja, kwa mfano cheleezoni;
- baada ya kuhamia eneo la mbali kaskazini au kusini;
- kila dira inapotofautiana na alama au GPS bila sababu inayoeleweka.

Kwa dira za sumaku za meli, kiwango cha kimataifa ISO 25862 kinataja pia kupita kwa miaka miwili tangu marekebisho ya mwisho kama hakuna kumbukumbu za makosa zilizowekwa. Ni kipimo kizuri hata kwa boti ndogo.

SHERIA INASEMAJE

Kanuni ya 19 ya Sura ya V ya Mkataba wa SOLAS inataka meli, bila kujali ukubwa, iwe na dira ya sumaku iliyosawazishwa vizuri, au njia nyingine isiyotegemea chanzo chochote cha umeme, ya kujua mwelekeo na kuuonyesha penye usukani. Nchi zinaruhusiwa kuvilegezea vyombo vidogo masharti, na vyombo vya maziwani hufuata sheria za nchi husika. Wasimamizi ni TASAC kwa Tanzania Bara, ZMA kwa Zanzibar na KMA kwa Kenya.

Kwa hiyo dira ya elektroniki haiondoi hitaji la dira ya kawaida. Betri ikifa usiku katikati ya ziwa, dira ya sindano ndiyo inayobaki. Nayo inahitaji kadi yake ya makosa.

MASWALI YANAYOULIZWA MARA NYINGI

Boti ya mbao au ya faiba inahitaji kusawazishwa?
Ndiyo. Bodi haina sumaku, lakini injini, nyaya na mizigo vinayo.

Je, ipo dira isiyoathiriwa na chuma?
Ipo ya setelaiti, inayotumia antena mbili au zaidi kujua omo imeelekea wapi. Haisumbuliwi na nondo, lakini ni ghali zaidi na inahitaji anga wazi.

Dira inasoma vizuri gatini lakini inapotosha njiani. Kwa nini?
Angalia kwanza umeme. Washa kifaa kimoja kimoja ukiitazama dira. Namba ikiruka, chanzo kimepatikana.

Nani alipe muda wa kusawazisha, mwenye boti au mwenye mzigo?
Ni gharama ya mwenye boti, kama ilivyo kubadilisha oili. Hata hivyo, mwenye shehena ya chuma anayo haki ya kuuliza kadi ya makosa ya boti ikiwa imepakia kabla ya kukabidhi mzigo wake. Nahodha aliyeiandaa huitoa mara moja.